Wanja Nyuma ya Sikio

Huda alimwosha Kilua mara tatu. Mara ya kwanza kwa maji matupu ya mpira, mara ya pili kwa shampuu ya watoto wachanga, mara ya tatu kwa maji yaliyotiwa siki kidogo ili povu lote litoke kwenye manyoya. Mbuzi alisimama uani kwa Abu Ziyad, pale Aziziya mjini Jidda, hakufungwa wala hakushikwa. Akiguswa goti aliinua mguu, akiguswa tena aliushusha.

Damaris, mtumishi wa nyumba ile, alitoka jikoni na beseni la nguo akasimama kutazama. Alikuwa Mkenya wa Kapenguria, na kwao mbuzi huoshwa na mvua.

"Nyanya," alimwambia Bi Mwanamize, bibi yake Huda, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, "mimi niko kwa hii nyumba miaka mbili na sijawahi kuogeshwa hivyo."

"Na wewe ungekuwa na masikio kama yale, tungekuosha," Bi Mwanamize alijibu.

Damaris alicheka, lakini macho hayakumtoka Kilua. Hakuna aliyeweza kuyatoa. Alikuwa mbuzi wa Kishami, mwenye pua iliyobenuka na shingo ndefu, na rangi ya halua iliyoshika moto vizuri. Masikio yake yalishuka mpaka chini ya taya, na akitembea yalikwenda mbele na nyuma kama mikono ya kanzu pana. Huda, mtoto wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemlea, kwao katika nyumba ya ghorofa ya tatu, karibu na mashine ya kufulia. Kilua alizaliwa miguu imekunjika na Abu Ziyad akasema atupwe. Huda akamfunga kwenye abaya yake akamchukua, na Damaris akamwonyesha namna ya kumnywesha kwa chupa. Damaris mwenyewe alisema siku ile kwamba huyo hafiki Ijumaa. Sasa alimzunguka taratibu na beseni lake kiunoni, kama anayezunguka kitu kilichowekwa juu.

Abu Ziyad alitoka na kikombe cha kahawa. Soud, baba yake Huda, alikuwa mlinzi wa bohari lake, na ikama, vibali vya ukaazi vya nyumba nzima ya Soud, zilifuata jina la Abu Ziyad. Bi Mwanamize aliletwa Jidda kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka sita, mwanawe kazaliwa Jidda, mjukuu kazaliwa Jidda, na bado kila mwaka walimngoja Abu Ziyad atie saini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kungojwa.

Akasema maneno yake hapo uani, mbele ya wote. Alisema Riyadh kuna mtu wa Qasim anayetafuta mbuzi wa kike wa aina hii. Kilua akishika nafasi katika tano za mwanzo za shindano la vijana la uzuri wa mbuzi, mtu yule anamchukua papo hapo na biashara imekwisha. Asiposhika nafasi, wamrudishe nyumbani kwao, wao ndio waliomlea, yeye hana haja naye tena.

"Akishika, ameuzwa. Asiposhika, wenu. Halas," alisema, akarudi ndani.

Huda aliendelea kumkausha Kilua kwa taulo. Alikausha kuanzia shingoni kushuka, akafika kwato, akazipangusa moja moja. Bi Mwanamize alimtazama akafikiri juu ya dua. Kuomba mbuzi ashinde ni kuomba aondoke. Kuomba ashindwe ni kumwombea mtoto vibaya. Mwisho aliomba jambo lenye heri, akamwachia Mungu alipange mwenyewe.

Safari ya Riyadh ni ya siku nzima. Abu Ziyad na familia yake walitangulia kwa gari kubwa, na Damaris pamoja nao kwa ajili ya watoto. Soud aliendesha pikapu, mama yake kando, na Huda alikaa nyuma na mbuzi chini ya turubai, akikataa katakata kuhamia mbele.

Baada ya Taif walisimama kwenye kituo cha mafuta kuswali adhuhuri. Baada ya swala Soud alichuchumaa kwenye kivuli cha pikapu, karibu na bintiye, akachezea funguo. Alianza kwa kusema joto ni kali. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na funguo zake, kwamba mbuzi akinyweshwa maji mengi asubuhi ya shindano, akapewa na shayiri juu yake, tumbo huvimba upande mmoja. Mbuzi aliyevimba hashiki nafasi. Na hakuna mtu atakayejua.

Huda alimmiminia Kilua maji kwenye sufuria.

"Nimemfundisha mwaka mzima kusimama, Baba," alisema. "Sasa nimfanye tumbo limuume asimame vibaya, mbele za watu? Yeye atanielewaje?"

"Ukishinda wamchukua. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

Alifunga chupa kabla sufuria haijajaa, akaiweka chupa kivulini. Kipimo hakikuzidi. Soud alinyanyua macho kwa mama yake. Bi Mwanamize alikuwa akimtazama mjukuu wake kana kwamba ndio kwanza ameletewa. Mtoto huyu alikuwa akiogopa kupanda lifti peke yake. Lini alikuwa mtu wa namna hii, na wao walikuwa wapi?

Walifika Riyadh usiku, na kesho yake wakaenda uwanjani, nje ya mji, mahema meupe kwa safu, na harufu ya majani makavu na uvumba. Langoni mlinzi alimtazama Soud, akatazama mbuzi, akamuuliza kama yeye ndiye mchungaji. Soud alijibu kwa Kiarabu safi cha Jidda kwamba yeye ni baba wa mshindani. Mlinzi akaomba ikama, akaigeuza mara mbili, akasema wafanyakazi wapite mlango wa nyuma. Soud akasema sawa. Alirudisha ikama mfukoni, akaushika mlango wa pikapu muda mrefu kuliko inavyohitajika kuufunga. Huda aliona yote hayo kutoka chini ya turubai.

Ndani walipewa nambari tisa na karatasi ya masharti. Huda akamsomea bibi yake, maana Bi Mwanamize alisoma madarasa machache tu na herufi za karatasi zilikuwa ndogo. Hakuna kupaka rangi. Hakuna mafuta. Hakuna kunyoa manyoya ya uso. Hakuna sindano ya kuvimbisha midomo.

"Hebu hapo pa mwisho rudia."

Huda akarudia.

"Nani anamchoma mbuzi sindano ya mdomo?"

"Ngamia wanachomwa, Bibi. Ili wapendeze."

Bi Mwanamize aliinama akaitazama midomo ya Kilua. Kisha akasema binadamu ana kazi.

Watu walianza kuja kwenye zizi lao kabla ya alasiri. Walikuja kwa wawili wawili, wanaume wa mashamba wenye vilemba vyekundu na vijana wenye simu. Wakifika mbele ya Kilua mazungumzo yalikatika. Mmoja alikuja anakula tende, akabaki na tende mkononi. Mwingine aliita wenzake kwa mkono tu, bila kufungua kinywa. Wengi walisema mashallah. Lakini wengine walipiga picha, wakatikisa kichwa, wakaenda zao bila kusema neno, na hao ndio Bi Mwanamize aliowahesabu kwa vidole ndani ya baibui. Kufikia magharibi walikuwa kumi na mmoja.

Mtu wa Qasim alikuja pia, pamoja na Abu Ziyad. Hakumgusa mbuzi. Alimtazama, akamtazama Huda, akauliza kwa upole nani kamfundisha kusimama vile. Abu Ziyad akasema ni binti wa mlinzi wake. Mtu wa Qasim akasema yeye hakuuliza ni binti wa nani.

Usiku ule walilala mtaa wa Manfuha, kwa binamu yake Bi Mwanamize, katika nyumba kuukuu yenye ua mdogo ambapo Kilua alitandikiwa gunia. Asubuhi Huda alikwenda kuoga na kuswali, na Soud alikwenda kutia hewa tairi. Bi Mwanamize akabaki peke yake na mbuzi.

Alitoa kichupa cha wanja wa manga kwenye mkoba wake. Ndicho alichompakia Soud alipokuwa mchanga, na Huda baadaye: nukta kwenye paji la uso, nukta chini ya unyayo, ili jicho la hasidi liteleze lisipate pa kukaa. Kwao Unguja hakuna mtoto mzuri anayetolewa nje bila ya nukta yake, na huyu mtoto mzuri anatolewa mbele ya halaiki nzima. Aliposikia masharti yakisomwa, rangi kwake ilikuwa ni hina na zile chupa za nywele. Wanja si rangi. Wanja ni kinga.

Hata hivyo alikuwa mwangalifu. Usoni waamuzi wataona, akasema moyoni. Akauchanganya na samli, ambayo kwake ilikuwa chakula wala si mafuta, kwa ncha ya kidole, akaliinua sikio la kushoto, likawa zito na lenye joto kiganjani mwake, akaweka nukta moja nyuma yake pale lilipoota, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili atakayekwenda kutazama. Akamsomea na Kul-audhu mbili, sura za kinga. Kilua akampumulia shingoni.

Washindani wa vijana walikuwa kumi na wawili. Waliitwa wote pamoja kwenye uwanja uliomwagiwa maranda ya mbao, na waamuzi watatu walikaa mezani. Wageni waheshimiwa walikaa vitini, Abu Ziyad miongoni mwao. Soud alisimama nyuma ya kamba ya wafanyakazi. Bi Mwanamize alikuwa upande wa wanawake, na Damaris kando yake, watoto wa Abu Ziyad wakimning'inia.

Mbuzi mmoja alilala chini akagoma. Mwingine alimburuta mwenye naye mpaka kwenye meza ya waamuzi, watu wakacheka. Ilipofika zamu ya nambari tisa, Huda aliingia katikati, akaifungua kamba ya Kilua, akaiweka begani mwake, akaanza kutembea bila kutazama nyuma.

Kilua alimfuata. Alitembea hatua kwa hatua na mtoto, shingo juu, masikio yakienda mbele na nyuma, na uwanja mzima ukanyamaza mpaka ikasikika mashine ya baridi ya hema la mbali. Huda aliposimama, alisimama. Miguu minne ikajipanga yenyewe, kichwa kikageuka kidogo kuelekea mwangani. Mwamuzi mkuu, mzee wa miaka sabini hivi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Woi," Damaris alisema polepole. "Huyo sasa ni mbuzi ama ni nini?"

Bi Mwanamize alikuwa akijifuta kwa ncha ya baibui. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Mzee akaja kumzunguka. Alipima shingo kwa shibiri. Alifungua kinywa akatazama meno. Kisha akatoa kitambaa cheupe chenye maji, akaliinua sikio la kulia akalipangusa mpaka kwenye shina, akatazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. Akaliinua la kushoto, akapangusa, akatazama. Akatazama tena. Akakipeleka kitambaa mezani kwa wenziwe, na wote watatu wakakiinamia.

Kipaza sauti kikasema nambari tisa asubiri.

Mzee alirudi akamuuliza Huda hii ni nini. Huda alisema hajui. Akaulizwa nani mwingine anamshika mbuzi huyu. Huda akalishusha sikio la Kilua. Alikuwa amekwishaelewa, na hakutaka kusema.

Kutoka upande wa wanawake Bi Mwanamize aliliona lile doa jeusi. Miguu ndiyo iliyoamua. Aliinama akapita chini ya kamba, akaukata uwanja kwa ndara zake, maranda yakimwingia vidoleni, mlinzi nyuma yake akimwita, hajjah, hajjah, hapa haruhusiwi mtu.

"Ni wanja," alimwambia mzee. "Nimempaka mimi. Mtoto hajui kitu."

"Kwa nini, hajjah?"

"Kwa macho ya watu. Jana wamemtazama watu kumi na mmoja hawakusema mashallah. Nimewahesabu."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikapungua, hasa kwenye viti vya mbele, maana kila mmoja alianza kukumbuka kama alisema au hakusema.

Mzee hakucheka. Alikikunja kitambaa. Alisema mama yake alikuwa akimpaka yeye na nduguze hivyohivyo, jangwani, na anaujua mkono unaofanya hivi. Lakini sharti ni la wote, na karatasi haiulizi nia. Akaandika. Mmoja wa waamuzi akanyanyua kipaza sauti kumtoa nambari tisa uwanjani.

"Ngoja," mzee alimwambia. "Nafasi hana. Mimi sijamaliza kumtazama."

Akamwomba Huda amzungushe mara moja tena. Huda akaenda, uso umemwiva, mgongo umenyooka, na mbuzi nyuma yake. Walipopita mbele ya meza, mzee akasimama. Wenziwe wakatazamana, na wao wakasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wazima, wenye mashamba na mali, walikaa kimya kwa ajili ya mtoto wa mlinzi na mbuzi aliyekuwa atupwe, mpaka wawili wale walipotoka nje ya duara.

Nyuma ya mahema, Huda alimfunga Kilua kamba. Bi Mwanamize aliponyoosha mkono kumpapasa, mtoto alisogea akaingia katikati.

"Usimguse, Bibi."

Mkono ukarudi.

"Ulifanya makusudi?" Huda aliuliza. "Ili nimrudishe?"

"Sikufanya makusudi. Ningekuwa na akili ya kufanya makusudi, ningefanya tangu Jidda tusichome mafuta bure."

Soud alikaribia kucheka, akajizuia. Huda hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi aliyopewa na waamuzi, ameikunja mara nne ili maandishi yasionekane.

Abu Ziyad alikuja na mtu wa Qasim, na Damaris nyuma yao na watoto. Mtu wa Qasim ndiye aliyesema. Alisema ameona alichokiona, nukta ya wanja inafutika kwa kitambaa, na yeye hanunui karatasi, ananunua mbuzi. Yuko tayari, kwa bei ileile.

Abu Ziyad alikuna ndevu. Alimtazama Kilua, na ilikuwa dhahiri kwamba hesabu inamwendea kichwani. Soud alitazama chini. Lilikuwapo la kusema, na lilikuwa zito kama jiwe mdomoni mwake, lakini ikama zilikuwa za kutiwa saini mwezi wa pili. Damaris alimpangusa mtoto kamasi ambazo hazikuwapo. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyesahau maneno ya uani, na hakuna aliyekuwa na kinywa cha kuyarudia.

Huda akaifungua karatasi. Aliifungua mkunjo kwa mkunjo, akainyoosha juu ya goti lake, akaisoma kwa sauti, kwa Kiarabu cha shuleni, kila herufi mahali pake.

"Nambari tisa. Mfugaji, Huda binti Soud. Ameondolewa kwa kupaka rangi. Nafasi, hana." Akanyanyua uso kwa Abu Ziyad. "Ami, nafasi hana."

Watu wa zizi la jirani walikuwa wamegeuka kusikiliza. Mashavu ya Huda yalikuwa mekundu. Jambo ambalo dakika ile ile alikuwa akilificha kiganjani, alilitangaza mwenyewe mbele ya wageni, na hakuishusha karatasi. Aliinyoosha kwa Abu Ziyad, ikabaki hewani.

Abu Ziyad aliichukua. Aliisoma, ingawa alikuwa amekwishaisikia. Alisoma muda mrefu kwa mistari minne.

"Nilisema asiposhika nafasi ni mbuzi wao," alimwambia mtu wa Qasim mwishowe.

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaambia hawa."

Mtu wa Qasim alimtazama Soud, akamtazama bibi mwenye maranda miguuni, akamtazama mtumishi wa nyumbani, kama anayetafuta ni shahidi gani wa kuogopwa kati ya hawa. Akasema bei ile haitarudi. Abu Ziyad akasema anajua. Akamrudishia Huda karatasi yake, akawaita wanawe, akaondoka, na alitembea kwa haraka, kama mtu anayetoka dukani kabla hajabadili mawazo. Damaris alipowapita alimfinya Huda mkono na kusema, "Umeweza, msichana," akakimbia kuwafuata.

Walibaki wao na mbuzi. Soud aliketi juu ya marobota ya majani akajifunika uso kwa viganja. Huda alisimama palepale. Kisha akatafuta mahali pa kuegemea, na kamba ikiwa mkononi hakuweza.

"Bibi, nishikie."

Bi Mwanamize aliipokea kamba. Aliishika kwenye ncha kabisa, kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiguse na hakuna aliyekuwa amemwambia vingine. Alisimama hivyo bila kunung'unika huku mtoto akilia, kilio cha mtoto hasa, cha kamasi na kwikwi. Alimngoja. Kilua alitafuna robota alilokalia Soud.

Huda alijifuta kwa ncha ya mtandio wake, akanyanyua kichwa, akamwona bibi yake alivyosimama.

"Mshike vizuri, Bibi," alisema. "Hivyo hajazoea."